Farasi Waliopungua

Soudi, fundi wa mtaa wa Mikelenge mjini Kindu, alipima gari lake la turbo kwenye mashine mbili za kupima nguvu ya injini kwa siku moja. Binti yake Malaika alitakiwa afike kwa daktari wa moyo Bukavu, na gari lilikuwa likikata pumzi kwenye kila kilima. Gari jingine hakuwa nalo.

Mashine iliyo karibu na uwanja wa ndege hufungwa kwenye vitovu vya magurudumu baada ya matairi kuvuliwa. Ilisema nguvu za farasi mia mbili. Ile ya Élisabeth, karibu na reli, huzungusha matairi juu ya roli za chuma. Ilisema mia na ishirini.

"Roli inakulaka nguvu kidogo, papa Soudi, lakini si hivi," alisema Élisabeth kwa hasira. "Bashuke kwanza. Hatupimi na batu ndani."

Soudi akachungulia nyuma. Watu walikuwa wamebanana magoti kwa magoti, wanaume kwa wanawake, na mama mmoja alipakata beseni la samaki. Mashine ya vitovu haioni uzito wa abiria. Roli huuona, kwa sababu uzito hukandamiza tairi.

Soudi aliwaamkia kwanza, kama inavyopasa.

"Munatoka wapi, mama?"

"Lokandu, baba. Siku za vita basoda balitupakiza humu, balisema banatuleta Kindu."

"Kindu njo hapa. Mushuke basi."

"Hatukufika. Balituacha njiani, bila kaburi. Mukubwa wao njo anajua fasi tuko. Aseme, tutashuka."

Mkubwa wa askari hao ndiye aliyemuuzia Soudi gari. Siku hizi anaitwa mheshimiwa na ana vigae sebuleni. Alimkaribisha Soudi kwa soda baridi, akasikiliza hadi mwisho.

"Uwanja wa ndege walisema ngapi?"

"Mia mbili, mheshimiwa."

"Ile njo mashine ya kweli. Gari haina muntu. Ya roli imeharibika."

Soudi akapiga magoti. Mfa maji haachi kutapatapa. Alimsihi ataje tu mahali walipoachwa, hata jina la kijito, kwa sababu mtoto alikuwa anakufa. Mheshimiwa alimwonea huruma, akamwongezea soda.

Soudi na binti yake wakavuka mto asubuhi. Malaika alilala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama wa samaki, aliyekuwa ameweka beseni chini ili apate nafasi. Kwenye vilima turbo ilipiga mluzi na gari likatambaa. Abiria waliona haya. Walijaribu kuwa wepesi. Wengine walibana pumzi, wazee wakainua miguu. Haikusaidia. Malaika alikata roho kabla ya kufika Kalima, na Soudi alilia huku akigeuza gari, kwa kuwa barabara ilikuwa nyembamba na ilimpasa atazame nyuma.

Walimzika Mikelenge. Baada ya arobaini Soudi alirudi kwa Élisabeth, akapandisha gari juu ya roli. Élisabeth aliangalia nyuma, akasema pole, hakumwambia mtu yeyote ashuke.

"Umekula, mama?" Soudi aliuliza dirishani.

"Wamenipa samaki, papa," alijibu Malaika. "Bado tunangoya."

Roli zikasoma mia na kumi na nane. Ile ya uwanja wa ndege ilisema mia mbili, kama kawaida.