Kibuyu cha Nashipae

Watu wa kijiji chetu cha Akheri husema Anyesi alikuwa na roho mbaya. Wasemao hivyo hawakunywa maji aliyokunywa mtoto wake.

Miaka ile ya Mjerumani, shamba moja la kahawa lilifunga mashine ya kumenya buni juu ya mfereji wetu. Mzungu mwenye shamba alimwagiza nyapara wake, Aminieli, achimbe mashimo ya kuchujia maji machafu. Aminieli, mtu wetu kabisa, aliyelelewa na mfereji huohuo, akaona anasumbuliwa bure. Akaachia maganda na uchachu wote mferejini; walio chini watajijua.

Maji yakawa rangi ya ugoro. Nashipae, binti pekee wa Anyesi, akaharisha siku tatu. Siku ya nne akazikwa migombani.

Anyesi hakupiga yowe. Siku hiyohiyo alichota maji ya mfereji kwa kibuyu cha maziwa cha mtoto, akakiziba kwa nta, akakitundika. Kisha akaenda kwa Mzee Sifael, mkuu wa mfereji, akamwita Aminieli kwenye maji.

Mwito huo ni sheria kongwe. Aliye chini akimwita aliye juu, wa juu huja siku ya nane kunywa maji ya aliyemwita, watu wakitazama. Akikataa, shamba lake halipati tena hata tone, awe nyapara awe nani.

Aminieli aliposikia, akili zikamjia ghafla. Akakusanya vibarua, wakachimba mashimo matatu, moja chini ya jingine, wakayajaza kokoto, mchanga na makaa, na maganda wakayafukia mbali. Siku ya saba mfereji ulikuwa unaonyesha mawe ya chini. Kumbe ilikuwa kazi ya siku saba tu. Hapo ndipo chuki ya Anyesi ilipokomaa.

Siku ya nane Aminieli akaja anatabasamu, akachutama kuchota kwa kiganja.

"Ngoja, nyapara," Anyesi akasema. "Mgeni wangu hajichotei."

Akabandua nta, akamkabidhi kibuyu. Harufu iliwafikia hata waliosimama nyuma.

"Mama Nashipae, haya siyo maji ya mfereji. Tazama ulivyo safi."

"Nilikuita siku gani?"

Aminieli akamgeukia Mzee Sifael.

"Maji ya mwito ni ya siku ya mwito," mzee akasema. "Sheria hii umeikuta."

"Mzee wangu, yataniua haya."

"Ndiyo," Anyesi akajibu. "Mwenzako alikuwa na miaka minne, wala hakuna aliyemwambia."

Aminieli akakiinua kibuyu hadi mdomoni. Akakiweka chini taratibu, akaondoka bila kuaga mtu.

Wazee wakaziba njia ya maji ya shamba lake mwenyewe. Migomba ikakauka imesimama. Kabla ya masika alihamisha watu wake Kisongo, kwenye vumbi, ambako maji hufuatwa nusu siku. Anyesi alisimama njiani akawatazama wakipita na mizigo, na moyo wake ukaburudika. Nani angemlaumu?

Aliporudi, akayamwaga maji yale katika shimo la kwanza la mchujo, akakisuuza kibuyu pembeni mara saba, kisha akachota mferejini, akanywa. Yalikuwa matamu. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa hasira, maana yangeweza kuwa matamu hivyo tangu mwanzo.