Jina la Nne

Jumamosi, tarehe 16 Agosti 1952. Kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu ya baridi, na kutoka barabarani milingoti ya goli haikuonekana.

Kimaiyo alikuwa kipa wa timu ya kinu cha unga mjini Nakuru. Wachezaji wa kinu hawakubeba magunia. Walilipwa kucheza mpira. Kaka yake, Kipketer, alikuwa winga wao hadi Januari, alipojiandikisha jeshini akapelekwa vitani Malaya. Ofisa aliyemwandikisha alimwambia kazi yake itakuwa kuichezea timu ya kikosi. Jumatatu ofisa huyo huyo angerudi, na Kimaiyo alikuwa amekubali kutia sahihi.

"Kipa, huko utadaka risasi kwa mikono?" Zeddy, beki wao, alimtania wakifunga kamba za viatu.

"Si afadhali risasi? Mipira unayonirudishia wewe haidakiki."

Wakacheka. Kimaiyo alicheka pia. Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na barua ya Kipketer aliyomficha kila mtu: "Tangu tushuke melini sijagusa mpira."

Kabla ya kila mechi timu ilisimama duara, na kapteni akasoma majina ya wachezaji wa kinu waliokufa vitani Burma. Walikuwa watatu. Kapteni Naftaly, ambaye pia alikuwa karani wa barua pale kinuni, aliyajua kwa moyo, lakini aliyasoma daftarini kwa heshima.

"Nderitu."

"Bwana amlaze," wakajibu.

"Jonah."

"Bwana amlaze."

"Kang'ethe."

"Bwana amlaze."

"Kipketer."

Hakuna aliyejibu. Kwa kina Kimaiyo, mama hakukubali kamwe mtu aliye hai atajwe pamoja na wafu, hata kwa mzaha. Pembeni mwa uwanja, Chepchirchir, mke wa Kipketer, aliliweka chini birika la uji aliowaletea.

"Umekosea, kapteni," Zeddy alisema. "Sema umekosea."

Naftaly alilifunga daftari. Kimaiyo aliomba kimoyomoyo: Baba, awe amekosea. Nitakutumikia siku zangu zote, awe tu amekosea.

"Telegramu ililetwa kinuni jana jioni," Naftaly alisema, macho chini. "Nikawaza tucheze kwanza, niwaambie baadaye. Lakini nilikuwa nimeshaliandika jina lake chini ya wenzake, na macho yakashuka yenyewe. Ameuawa msituni, akiwa doria. Nisameheni."

"Si alienda kucheza mpira?" Chepchirchir aliuliza.

Akamgeukia Kimaiyo.

"Na wewe, shemeji? Jumatatu?"

Kimaiyo aliitoa barua akamkabidhi. Aliogopa msitu asioujua. Aliogopa pia ofisa, na wale watakaomwita mwoga sokoni. Akarudi katika duara.

"Bwana amlaze," akasema, na wengine wakaitikia nyuma yake.

Kisha akainua sauti hadi Chepchirchir asikie kila neno.

"Shemeji, mbele ya Mungu na mbele ya hawa kumi, Jumatatu sitatia sahihi. Nitamwambia ofisa kwa kinywa changu mwenyewe, hata nikiwa natetemeka."