Mchoro wa Kitako cha Kibubu

Wakusanyaji wa vibubu vya chuma kule Ohio wana kipimo chao: unakiweka kibubu juu ya karatasi iliyochorwa kitako cha kibubu halisi. Kikipwaya ndani ya mstari, basi umeuziwa bandia, maana bandia humiminwa kwa kunakili kile halisi, na chuma hunywea kikipoa.

Eldon Kratz alikipima hivyo kibubu cha baba yake, wiki moja baada ya kumzika mzee, mwaka 1981. Kilikuwa cha wachezaji watatu wa besiboli: unampa mrushaji sarafu, unabonyeza, mpigaji anaikosa, mdakaji anaimeza. Kilipwaya. Na aliyekaa nacho wiki ile alikuwa mdogo wake, Merle.

"Umekibadilisha cha Baba, mwizi we!"

Merle alikana mara moja tu, akaondoka. Hawakusemezana miaka thelathini na minane. Eldon alijaza rafu vibubu vya besiboli, vyote halisi, lakini ile bandia aliiweka mbele kabisa, apate kumchukia ndugu yake kila asubuhi. Kuna watu wanapenda kidonda kuliko dawa, na Eldon alikuwa mmoja wao.

Jumanne moja alikuja Lorene, mke wa Merle, amevaa nyeusi.

"Tumemzika jana, shemeji. Sikukupigia, ungekata simu."

Akaweka bahasha mezani. Ndani mlikuwa na karatasi kuukuu yenye mchoro wa kitako, na mwandiko wa baba yao: *Kibubu changu, nimekinunua leo, Aprili 1952.*

Eldon alikishusha kibubu, akakiweka juu ya mchoro ule. Kilienea sawasawa. Kilikuwa kilekile. Hakuna aliyekibadilisha, mzee mwenyewe ndiye aliyeuziwa bandia.

"Aliipata lini hii?"

"Mwaka uleule, ndani ya Biblia ya mama yenu."

"Sasa si angenionyesha tu, yaishe?"

"Nilimwambia mpaka nikachoka. Akasema, Eldon anajivunia jicho la Baba la kutambua kilicho halisi kuliko kitu chochote duniani. Bora aniite mimi mwizi kuliko amwone Baba mjinga."

Eldon alilia waziwazi, mzee mzima. Akaomba apelekwe kaburini.

Lorene alikuwa ameshafungua mlango. "Nenda mwenyewe, shemeji. Ni jirani na nyumbani kwetu, dakika tisa tu kutoka hapa. Siku zote zilikuwa dakika tisa."