Kamera Iliyomulika Mara Mbili

Mume wangu Urbano alipopewa ile kamera, aliigeuzageuza kiganjani kama mtu aliyeuziwa kipande cha sabuni akidhani ni mche mzima.

"Hii ni ya kuchezea watoto," alisema. "Kamera ya kazi inaning'inia shingoni, watu wakuone unakuja. Hii utaivaa wapi?"

"Mfukoni," alijibu Abdulhamidi. "Ndiyo uzuri wake."

Abdulhamidi ana duka karibu na stesheni ya Itigi, na kama walivyo ndugu zake wa Singida mjini, hapiti soko lolote bila kurudi na kitu. Mwaka ule simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinashika mtandao kwetu, tena mpaka upande kichuguu, naye akatuletea kamera ya dijitali kutoka Dar es Salaam. Alitupa wiki moja ya kuijaribu. Ikifaa tuichukue, isipofaa tuirudishe bila maneno.

Urbano angeirudisha palepale. Aliyemzuia ni mama yake, Bibi Sara, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua choroko.

"Hiyo inaonyesha picha saa hiyohiyo?" aliuliza.

"Inaonyesha, bibi," Abdulhamidi alisema.

"Basi ikae. Ina kazi na mimi."

Mama mkwe wangu haogopi mtu, lakini kamera ilikuwa inamshinda. Urbano amepiga picha maharusi, wanakwaya na wafanyakazi wa reli wa Itigi nzima, ila mama yake hakuwa na picha hata moja yenye macho wazi. Mwanga ukimulika, anafumba. Tukimtoa nje, jua linamfumbisha hata kabla ya kamera. Tukimweka barazani kivulini, akisikia tu ule mlio, kope zimeshashuka. Na kwa filamu hujui kitu mpaka mkanda uishe, upande treni kwenda kusafishwa Dodoma, na urudi. Urbano anafungua bahasha, anaguna, ananipa, nami namwona mama mkwe amelala tena huku amesimama.

Lingekuwa jambo la kucheka tu, kama picha zile zisingekuwa zinakwenda Rungwa. Huko anakaa mdogo wake, Winfrida, aliyevunjika mguu zamani na hasafiri tena. Walikuwa hawajaonana tangu marehemu baba mkwe alipopata kazi ya reli akamleta Bibi Sara huku. Kila mwaka Bibi alikuwa anasema atakwenda mvua zikikatika, zikikatika anasema baada ya mavuno, baada ya mavuno kuku wanakuwa hawana wa kuwaangalia. Badala yake alikuwa anampelekea picha kwa mkono wa dereva wa lori. Winfrida alipopokea ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote macho yamefumbwa, aliamini dada yake amepofuka.

Watu wa lori walimwambia Bibi Sara anaona vizuri, tena anaona hata yasiyomhusu. Winfrida alisema wanamficha asiumie. Tangu hapo, kila msimu wa kurina, alikuwa anatuma kopo la asali ya nyuki wadogo, ile ya dawa, pamoja na maagizo: tone moja kila jicho, asubuhi na jioni.

Sisi tulikuwa tunailia mkate. Sina sababu ya kuficha, ilikuwa asali tamu kuliko zote, nami sikuwa na haraka ya kumponya mama mkwe. Lakini msimu ule dereva, anaitwa Mughwai, alileta kopo na habari: Winfrida anataka kuuza mizinga yake yote ili dada apelekwe kwa daktari wa macho. Ameshapata mnunuzi, anamalizia mazungumzo.

Bibi Sara aliliweka kopo chini. "Mizinga aliyoachiwa na mumewe," alisema. "Aiuze kwa ajili ya macho mazima." Akalia, na mimi nikaurudisha mkate sahanini.

Kwa hiyo ile kamera ilikaa, na Urbano akaanza kuijaribu kwa wateja kwanza, maana hakutaka kumtia mama yake tamaa ya bure.

Studio yetu ina sheria moja ambayo Itigi nzima inaijua. Urbano anahesabu moja, mbili, na kwenye tatu mwanga unamulika. Kabla ya hapo hupumui, hucheki, mikono inatulia. Mwanga ukishapita umemaliza, jikune unavyotaka. Watu wetu wamelelewa hivyo, wengine tangu ubatizo wao.

Kamera ile ilimulika mara mbili. Kwanza mwanga mdogo, halafu baada ya kitambo kidogo mwanga mkubwa wenyewe, ndio wenye picha. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Kefa, mpagazi wa stesheni, alikuja na koti la kuazima, akasimama wima kama nguzo ya simu. Mwanga mdogo ukapita. Akashusha pumzi, akapeleka kidole sikioni, na hapo ndipo kamera ikampiga. Mwalimu Ezekieli ilimkuta katikati ya mwayo. Wanakwaya nusu yao walikuwa wameshageuka kwenda zao, na mpaka leo wanabishana kile kisogo ni cha nani.

Si hilo tu. Juani kioo chake hakionyeshi kitu, unapiga kwa kubahatisha. Betri inazila kama mgonjwa aliyepona. Na Kefa alipojiona kwenye kioo alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaaga.

"Na picha yako?" Urbano alimuuliza.

"Si nimeshaiona, kaka," Kefa alisema. "Nimeridhika."

Jioni Urbano aliitupa kitandani. "Inapiga watu wakiwa wameshamaliza kupigwa. Kesho inarudi dukani, mama Samweli, na usinibishie."

Nilimbishia. Nimeolewa na mtu huyu muda mrefu, najua akisema nisibishe ndipo anapotaka kubishiwa. "Hujampiga mama," nilimwambia. "Mughwai anaondoka wiki hii. Unataka lori liondoke na nini, na salamu? Salamu Winfrida haamini."

"Na nikimpiga akafumba?"

"Atafumba bure. Hakuna mkanda unaoharibika. Hilo hata wewe huwezi kulikataa."

Asubuhi Bibi Sara alivaa gauni la kanisani, akafunga kitambaa kipya kichwani, akakaa mbele ya pazia letu lenye maua. Nilikaa karibu nikamshikia kibweta chake, nami nilikuwa naogopa kuliko yeye.

"Moja," Urbano alihesabu. "Mbili. Tatu."

Mwanga mdogo ukamulika, na Bibi Sara akafumba macho kabisa, kama kawaida yake. Halafu, kwa kuwa sheria ya studio ni kwamba mwanga ukipita umemaliza, aliyafumbua yote mawili, makubwa, ili amuulize mwanawe kama tayari. Kamera ikamulika mara ya pili.

Urbano alikitazama kioo, akakisogeza karibu na macho. Nilidhani imeharibika. Alipiga magoti mbele ya mama yake akamwonyesha.

Alikuwepo pale, mdomo umefunguka kidogo kwa lile neno "tayari", na macho yake yanatutazama sisi wote. Bibi Sara alikigusa kioo kwa kidole.

"Nina macho ya mama yetu," alisema. "Winfrida atayajua."

Urbano mwenyewe alipanda basi kwenda Singida na kile kikadi cha ndani ya kamera, picha ikachapwe. Mughwai alisema lori haliendi popote bila picha hiyo, na abiria walipolalamika aliwaambia washuke watembee. Wakati tunasubiri, Mwalimu Ezekieli alikisoma kile kitabu cha maelezo akagundua kwamba mwanga wa kwanza ni wa kuzuia macho yasitoke mekundu, na kwamba unazimwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Alitaka apigwe upya bila mwayo, na Urbano aliporudi alipigwa.

Lori liliporudi kutoka Rungwa, sote tulitoka nje. Mughwai alishuka mikono mitupu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mizinga?"

"Haiuzwi tena. Mnunuzi amefukuzwa."

"Na asali?" niliuliza mimi, nikaona aibu papo hapo.

"Hamna asali, dada. Amesema haina mgonjwa." Mughwai alimgeukia Bibi Sara, akavua kofia. "Aliikumbatia ile picha kifuani, bibi, akalia, akacheka, halafu akanuna. Akasema nikuambie hivi: 'Miaka yote hii sikukulaumu kwamba hukuja kuniona, kwa sababu nilijua huoni njia. Kumbe unaiona.'"

Bibi Sara alisimama pale akitazama barabara ya Rungwa, kope hazichezi.

"Mkwe," aliniambia mwishowe, "kuku wangu utawaangalia?"

"Nitawaangalia, mama."

"Urbano, na hiyo kamera yako ya mfukoni, usiirudishe kwa Abdulhamidi. Weka mfukoni. Na ule mwanga wa kwanza usiuzime."

Mama na mwanawe walikwenda na lori lilelile. Picha waliyorudi nayo iko ukutani studio, na wateja huwa wanasema imekosewa, maana hao bibi wawili hawaitazami kamera. Baada ya mwanga mdogo walidhani wamemaliza, wakageukiana.