Jina la Mama Lilikuwa Zabibu

Mimi nauza matunda soko la Majengo, na sijawahi kuuza zabibu hata punje moja. Huku Songea zabibu tunazozijua ni zile kavu za kwenye pilau, zinazopimwa dukani kwa kijiko. Lakini jina lenyewe nimelisikia tangu nabebwa mgongoni, maana ndilo lilikuwa jina la mama yangu. Mama alifariki mwaka juzi huko kwetu Tunduru, na tangu hapo hakuna mtu kwenye ukoo wetu anayeitwa hivyo akaitika. Kwa hiyo binti yangu Shakila alipopata mimba nilimwambia, akija wa kike, jina tunalo. Akakubali. Mumewe Azizi naye akakubali, na mimi nikaanza kulisalimia lile tumbo kwa jina.

Mtoto akaja wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa wetu wote wa Mfaranyaki. Ndipo na Saleh naye akaja.

Saleh ni baba mdogo wa Azizi, anafundisha madrasa kule Namtumbo, na kwa kuwa baba yake Azizi ni marehemu, yeye ndiye mkubwa wa upande ule. Ni mtu wa heshima, siwezi kumsema vibaya, ila ana ugonjwa wa kujua. Alifika jioni ya kuamkia akika, shughuli ya kumpa mtoto jina, akanywa chai, akauliza mtoto anaitwa nani. Nilipomtajia akaweka kikombe chini. Akaeleza taratibu, kama anavyowaeleza wanafunzi wake, kwamba neno hilo tumelipata kwa Waarabu, na sisi Waswahili tunaita hivyo tunda likiwa bichi na likiwa kavu. Kwa wenyewe sivyo. Bichi kwao ni inabu. Zabibu ni ile iliyoanikwa juani mpaka ikajikunja.

"Mama Shakila," akasema, "mtoto mbichi hivi tumpe jina la tunda kavu?"

Akaongeza kwamba kama ni lazima liwe tunda, basi aitwe Tufaha, nalo ni la Kiarabu na maana yake haina shida. Nikamwambia Tunduru nzima hakuna aliyewahi kukaa chini ya mtufaha. Nikamwambia pia kwamba sisi Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama, naye akajibu kwamba dini imempa baba haki ya kumpa mwanawe jina. Azizi alikuwa katikati yetu, anakagua vidole vyake vya miguu.

Nilikasirika, sifichi. Nikamletea habari ya Ibra, anayenichukulia bidhaa ng'ambo ya mto Ruvuma. Ibra aliwahi kuomba mapera kule Lichinga, Msumbiji, kwa Kireno cha kuokoteza, akaletewa tunda jingine kabisa, lenye shingo nyembamba na tako kubwa. Kumbe pera ni neno la Wareno, na kwao ni tunda hilo la shingo; hili la kwetu wao wanaliita goiaba. Na hakuna hata mtu mmoja hapa Songea aliyewarudishia Wareno mapera yao. Nanasi nalo jina lake lilizaliwa kwa wenyeji wa Amerika ya Kusini, likapita midomo ya watu chungu nzima mpaka likafika mezani kwangu, na wateja wangu hawaniulizi kitu zaidi ya kama ni tamu.

Saleh alicheka, akasema hoja ni nzuri na sokoni ningeshinda, ila mtoto si pera. Niliingia ndani nikakaa kitandani, kwa sababu nilijiona kama ninamzika mama mara ya pili.

Asubuhi mbuzi akachinjwa, mtoto akanyolewa, watu wakajaa uani. Pilau ilikuwa jikoni, jina halikuwepo. Ndipo akaingia Pankrasi.

Pankrasi ni jirani yetu, Mngoni, Mkatoliki asiyekosa misa, na ni mtani wetu. Kwenye shughuli ya mtani wako unayo ruhusa ya kuteka chochote, na mwenyewe haruhusiwi kununa, anakomboa. Mtani akikaa kimya ndiyo tunasema hana adabu. Basi alikuja na gunia begani, akamtwaa mtoto mapajani kwa Shakila kwa uangalifu mkubwa, akaenda kukaa mlangoni juu ya kinu kilichopinduliwa. Akatangaza kwamba amesikia Wayao wamegombana mpaka mtoto amekosa jina, kwa hiyo Wangoni wameamua kuwasaidia. Mtoto ataitwa Getruda, kama mama mzazi wa Pankrasi mwenyewe, na Jumapili anampeleka kubatizwa.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Saleh peke yake alishika ndevu. Aliahidi sahani ya pilau, akaahidi na paja la mbuzi. Pankrasi akakataa vyote.

"Nataka jina lenye sababu," akasema. "Ya kitabuni nimeisikia jana mkibishana, kutoka uani kwangu. Mtani, huyo mama yako kwa nini walimwita Zabibu?"

Watu wote wakanigeukia. Swali hilo hakuna aliyekuwa ameniuliza, na hata mimi, katika hasira zangu zote, sikuwa nimejiuliza.

Nikasimulia alivyonisimulia mama. Babu alikwenda Tanga kukata mkonge, akamwacha mkewe mjamzito. Mkataba ulipoisha alinunua kikapu cha machungwa ya Muheza, akapita na duka la Mwarabu akanunua zabibu kidogo, akazifunga kwenye ncha ya kitambaa. Akaianza safari, huku lori, huku miguu. Alipofika Lindi machungwa yalikuwa yananuka. Alipofika Masasi aliyamwaga yote kando ya barabara, akalia. Nyumbani alimkuta mtoto ameshazaliwa, naye hana cha kumpa mkewe. Akafungua kitambaa, akakuta zabibu zote nzima, akamlisha mama wa mtoto moja moja.

Nilipomaliza Saleh alikuwa ameachia ndevu.

"Inabu isingefika," akasema polepole. "Ingeozea njiani pamoja na machungwa. Ndiyo maana watu wakaikausha." Akafuta macho kwa kanzu bila kujificha. "Mama Shakila, niwie radhi. Maana niliijua. Sikujua kwamba ndiyo sababu."

Kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya kinu, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, akamwomba Mngoni amrudishie mjukuu. Pankrasi akatuamuru tulitaje jina pamoja, pande zote mbili. Tukalitaja. Akadai tumeguna, turudie. Tukarudia, safari hii na jikoni wakiitikia, na akina mama wakapiga vigelegele. Hapo ndipo alipomtoa mtoto, na akakumbusha kwamba paja la mbuzi bado analidai.

Saleh akamsomea dua sikioni, halafu akanikabidhi mimi. Nikamtazama kichwa chake kilichonyolewa, nikamwita kwa mara ya kwanza mbele za watu. Akakunja uso wote, makunyanzi tele kuanzia paji la uso mpaka kidevuni.

"Zabibu," nikamwambia. "Umefika."