Chumba cha Nyuma

"Dakika kumi," dalali alisema, amesimama mlangoni na funguo mkononi. "Nje wapo watatu wanaingoja nyumba hii hii. Fundi, usinibomolee hata tofali moja."

Fundi alikuwa amewajengea watu nyumba miaka thelathini, na alijua mtu akikuharakisha ana lake jambo. Akapanda ngazi, akaingiza kichwa darini, akamulika mbao. Kavu. Akafungua mabomba yote. Akapima kuta kwa timazi, zote zimenyooka. Hilo nalo halikumpendeza.

"Kaka, umeona kasoro?" mdogo wake wa kike akauliza.

"Bado."

"Bado! Yaani huwezi kusema tu hakuna?" Akashika kiuno. "Hii ni ya tano. Zile nne umezipima mpaka wenzetu wakazinunua. Mwisho wa mwezi mwenye nyumba wangu ananitoa. Nikalale wapi na wanangu watatu, ndani ya huo mkoba wako wa vifaa?"

"Humu hamna nafasi. Kuna nyundo."

Alisema hivyo, lakini maneno yalimwingia. Kwenye nyumba ya tatu alikuwa ameng'ang'ana na bomba lililovuja kidogo, kitu cha kubadilisha mpira tu, na huku yeye anabishana nalo, mtu mwingine akalipa. Siku ile dada yake alinyamaza njia nzima, na kule kunyamaza kulimuuma kuliko matusi.

Wakafika chumba cha nyuma, kilichoongezwa baada ya nyumba kwisha. Vigae vipya, vinang'aa, na chumba kitupu, hakuna hata stuli. Dalali akaenda kufungua dirisha. Dirisha lilikuwa mbele yake, hatua tano tu, lakini mwili wote ule mnene ulipita kando ya ukuta, ukazunguka, bega likipangusa rangi.

Fundi akamtazama. Labda ni mazoea tu.

Mara akaingia mama mmoja mwenye miwani, mmoja wa wale watatu wa nje. "Jamani, hamjamaliza? Mimi hela ninayo mkononi. Leo ndiyo kwanza naiona hii nyumba, na nimeshaipenda." Akaenda dirishani kuchungulia uani. Naye akapita kando ya ukuta, akazunguka, wala hakutazama chini.

"Mama," fundi akasema, "nisaidie. Pita hapo katikati uje unishikie timazi."

"Mimi kibarua wako?"

"Basi wewe, dalali."

Dalali akacheka peke yake. "Muda wako umekwisha, fundi."

Hakuna aliyesogea. Fundi akapiga magoti, akaanza kugonga vigae kwa mpini wa nyundo. Karibu na ukuta sakafu ilijibu kama jiwe. Katikati ikalia kama pipa.

"Njoo usikilize mwenyewe," akamwita dada yake.

Akaja amenuna, akapokea nyundo. Akagonga ukutani, akagonga katikati. Akarudia. Uso ukamlegea.

"Chini hapa kuna nini?"

"Shimo la choo la zamani," dalali akasema. "Lakini limefunikwa vizuri! Kwa zege!"

"Zege la unene gani?" fundi akauliza.

Dalali akamgeukia mama mwenye miwani. "Shangazi, si wewe ulikuwepo wakati wanalimwaga?"

Neno likawa limeshamtoka. Shangazi akavua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa nguo.

Dada akamrudishia kaka yake nyundo, wakatoka. Nje walisimama wale wawili waliobaki, mume na mke, na fundi akawakagua kuanzia viatu hadi kofia, maana sasa hakumwamini mtu.

"Mkifika chumba cha nyuma," dada akawaambia, "mgonge sakafu kabla ya kukanyaga."

Mume na mke wakatazamana, wakashukuru, wakaondoka zao.

Kaka na dada wakatembea mpaka kwenye kona ya barabara. Hapo dada akasimama.

"Mwisho wa mwezi tunahamia kwako."

Fundi akavifikiria vyumba vyake viwili, kisha akamfikiria mkewe. "Njooni," akasema.

"Na wifi nani atamwambia? Wewe au mimi?"

"Wewe," fundi akajibu upesi, akaongeza mwendo.