Nyayo Mbili Juu ya Shaba

Shemeji yangu, mume wa dada, tulimwita Miguu Miwili. Kazini hakugusa mpini wa swichi kubwa kabla miguu yake yote miwili haijakaa juu ya mkeka wa shaba. Mkeka ule umelazwa chini ya mpini na kuunganishwa nao kwa utepe wa shaba, ili umeme ukikosea njia usipate pa kumpitia mtu. Miaka kumi na tisa alisimama mahali pamoja huku tukimcheka, hadi shaba ikang'aa kwa umbo la viatu vyake.

Umeme ulimpitia Jumanne, saa nne asubuhi. Ripoti ikasema mguu mmoja ulikuwa nje ya mkeka. Mkubwa wetu akasema ajali haina kinga, akaenda kunywa chai.

Dada aliiamini ripoti. Hakulia, alikasirika. "Kila siku miguu miwili, miguu miwili, halafu anakwenda kufa kwa uzembe," aliniambia. Miezi minne hajakanyaga kaburini.

Mimi nilijua. Wiki moja kabla, wageni walikuwa wanakuja, nikaambiwa nipake kila kitu rangi ya kijivu. Nilifungua utepe, nikaupaka pande zote, nikakaza bolti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Fundi wa umri wangu hasahau hilo, ila nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jumanne ile ile, kabla wachunguzi hawajafika, niliikwangua ile rangi ya utepe kwa msasa. Naona aibu hata kuandika.

Tangu hapo hakuna anayesimama pale. Wenzangu hukanyaga pembeni bila kuambiwa. Nimesugua mkeka mzima ung'ae sawasawa. Siku mbili tu, shaba yote hufifia, nyayo hubaki. Na sasa zimegeuka. Zamani zilielekea mpini. Wiki hii zinaelekea mlango wa stoo, ninakoweka kopo la rangi.

Jana asubuhi dada alikuja kazini kuchukua viatu vya marehemu. Nilimtolea stoo. Nilipofika mlangoni, alikuwa amevua kandambili na kusimama ndani ya zile nyayo, akinitazama.

"Kaka, mguu gani ulikuwa nje?"

Niliogopa kuliko siku ile ya Jumanne.

"Hakuna," nikasema. "Yote miwili ilikuwa ndani." Nikamwambia habari ya rangi, kisha ya msasa.



"Kwa hiyo nimemnunia bure mume wangu."

Alivaa kandambili, akachukua viatu mikononi mwangu, akashika njia ya makaburini. Nilimfuata hatua chache. Hakugeuka.

"Wewe baki hapo hapo."

Nikabaki. Nilipotazama chini, nilikuwa juu ya mkeka, miguu miwili. Shemeji alikuwa na mguu mkubwa kuliko wangu, lakini nyayo zilinienea sawasawa.